Nani Anakuchagulia Nyanya

Vijana wa Dar es Salaam wanaoacha nyama, maziwa na mayai hawaanzii sokoni. Wanaanzia kwenye simu. Wanafungua programu au ukurasa wa Instagram, wanachagua kikapu cha wiki, wanalipa kwa simu hiyo hiyo, na jioni bodaboda anapiga honi getini akiwa na mfuko wa karatasi. Ndani mna mchicha, maharage, uyoga, tofu, pakiti ya maziwa ya lozi, pamoja na kikadi kinachoeleza kwamba hakuna mnyama aliyeumia na mazingira yameheshimiwa. Wenyewe wanajiita vegani. Januari huwa wengi, na Kwaresima huongeza wengine ambao wangefunga nyama hata kama intaneti isingekuwepo.

Mmoja wao ni mpwa wangu, ndiyo maana jambo hili limenifika mezani. Kaka yangu anataka nimwambie kijana kwamba atadhoofu. Kijana anataka nimwambie baba yake kwamba hatadhoofu. "Shangazi, wewe ndiye mtaalamu," ananiambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua. Nimestaafu uuguzi, kwa hiyo jibu la kitaalamu ninalo na ni fupi. Mimea haina vitamini B12, basi aipate kwenye vidonge au kwenye vyakula vilivyoongezewa. Maharage yana madini ya chuma, lakini mwili huyapokea vizuri zaidi yakisindikizwa na limau, chungwa au pilipili hoho. Akizingatia hayo na kula kwa kushiba, baba yake anaweza kulala usingizi.

Wote wawili waliridhika kwa kiasi. Mimi ndiye niliyebaki na jambo kichwani, kwa sababu kikapu kile kilinirudisha Mwese.

Nimekulia huko, nyanda za juu magharibi ya Mpanda ukielekea Ziwa Tanganyika, enzi ambazo sote tulihesabiwa Mkoa wa Rukwa, kabla Katavi haijawa mkoa wake mwaka 2012. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mfipa aliyepangiwa kazi huko na akakaa. Majirani zetu wengi walikuwa watu waliokuja kutoka Rwanda miaka ya 1960, baadhi yao wakipitia Kongo. Serikali iliwapa ardhi, na shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964, likasaidia kuwaweka sawa. Kwao ng'ombe alikuwa heshima, mahari na chakula cha mtoto. Walifika bila ng'ombe, na misitu ya miombo iliyokuwa chini ya milima ile ilijaa mbung'o, adui wa ng'ombe.

Kulikuwa na mama mmoja jirani ambaye jiko lake nililipenda kuliko la nyumbani. Maharage yake yalichemka tangu asubuhi kwenye chungu, akayaunga kwa kitunguu na chumvi tu, akayapakua pamoja na ndizi au viazi vitamu. Sisi watoto tulikomba sahani. Yeye, kila akitukaribisha, alitanguliza kuomba radhi: karibuni, ingawa maziwa hamna. Alisema hivyo miaka nenda rudi. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni salamu ya kwao.

Ninapomsikia mtu akisema mitandaoni kwamba bibi zetu walikuwa vegani kabla ya jina hilo kuvumbuliwa, namkumbuka mama yule na napata hasira kidogo. Hakuacha maziwa, yalimwacha. Na si yeye peke yake. Pale Mwese nyama ilikuwa ya Krismasi, ya harusi na ya kuku aliyeanza kuugua. Siku za kawaida zilikuwa za maharage, majani ya maboga, kisamvu, mlenda, uyoga wa msituni mvua za kwanza zikinyesha, na karanga zilizotwangwa kutia ladha kila mahali. Juu ya hayo, wiki iliyokuwa na bahati, dagaa wakavu waliopanda kutoka Ikola na Karema, kiganja kimoja kwa sufuria nzima. Sasa najua kwamba kiganja kile ndicho kilichokuwa kikituletea B12. Mama hakulijua hilo jina, ila alihakikisha watoto wadogo wanapata vichwa vya dagaa kwanza.

Anayechagua kuacha nyama na anayeikosa wanaweza kukaa mbele ya sahani moja, chakula kile kile, wakawa hawali mlo mmoja. Simlaumu mpwa wangu kwa hili. Ninamkumbusha tu asimhesabu mama yule katika chama chake bila kumuuliza.

Miaka ya 1980 mwanzoni nilikwenda sekondari Tabora. Nchi ilikuwa kwenye dhiki: sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na chakula cha shule kilikuwa ugali na maharage yenye wadudu wao. Hapo ndipo nilipoanza kuagiza chakula kutoka mbali. Oda yangu ilikuwa barua. Niliandika ninachotaka, barua ikapanda treni hadi Mpanda, kwenye ile reli ya kutoka Kaliua iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, kisha ikasubiri lori au mtu anayepanda Mwese. Jibu lilikuwa mzigo, uliorudi kwa njia ile ile na kufika pale ulipojaliwa kufika.

Ndizi nilizoziomba kwa hamu zilinifikia zikiwa uji mweusi. Mama hakuzituma tena, wala hakunieleza. Mzigo uliofuata ulikuwa na michembe, karanga, maharage ya njano na furushi la nsansa, yaani majani ya kunde yaliyochemshwa na kuanikwa, ambayo Wanyamwezi na Wasukuma wameyatumia kuvukia kiangazi vizazi na vizazi. Mzigo wote ulikuwa mkavu. Nsansa ile nililoweka bwenini kwenye beseni la kufulia, tukaipika na karanga kwenye jiko la mpishi aliyekuwa na huruma, na wasichana waliokuwa wakinicheka kwa kutoka porini wakaleta sahani.

Leo kampuni za vikapu zinahangaika na vyumba vya baridi, barafu na boksi za kutunza ubaridi, na kila mara umeme unapokatika mboga za majani zinakuwa taka. Sehemu kubwa ya hangaiko hilo inatokana na kutaka kila kitu kibichi. Mpwa wangu alinionyesha nsansa kwenye programu yake, gramu 100 ndani ya pakiti ya karatasi yenye mchoro wa mbuyu, kwa bei ambayo nikiiandika hapa shangazi zangu wa Tabora watadhani kuna dhahabu ndani. Nilicheka, lakini nilimwambia hiyo ndiyo bidhaa ya maana kuliko zote kwenye orodha. Imekaushwa na jua, haihitaji friji, haiozi njiani, inasafiri ikiwa nyepesi. Niliyomshauri ayaache ni maziwa ya lozi kutoka Ulaya, maana pakiti ile karibu yote ni maji, na maji yamesafirishwa kwa meli hadi nchi yenye nazi, karanga na soya.

Nilipoajiriwa Dar es Salaam, kuagiza kulibadilika. Simu za mkononi zilifika, kisha mwaka 2008 M-Pesa ikaja, na ghafla niliweza kuongea na soko la Mpanda nikiwa zamu ya usiku. Muuzaji wangu alikuwa mama mmoja mwenye meza karibu na mlango wa soko. Tulijuana kupitia mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa ameshuka kutoka Mwese kuishi mjini. Nilimpigia, nikamtajia ninachotaka, nikamtumia pesa, naye akafunga mzigo kwenye kiroba, akaandika jina na namba yangu kwa kalamu ya wino mzito, akamkabidhi konda stendi na kunitumia namba ya basi. Kesho yake au keshokutwa, kwa kadiri barabara ilivyoamka, nilikwenda kuupokea.

Siku moja nilimwagiza tenga dogo la nyanya. Alinyamaza kidogo kwenye simu.

"Mwanangu, nyanya za leo hazifiki huko. Nimeziangalia. Chukua vitunguu na nyanya chungu, nyanya nunua hapo hapo Dar."

"Lakini mama, nimeshatuma pesa."

"Pesa nakurudishia. Ukifungua tenga ukakuta supu utanilaani mimi, hutalaani barabara."

Alirudisha, akakata ya kutolea tu. Nimeagiza vyakula kwa njia nyingi tangu siku ile, na sijapata huduma iliyozidi hiyo: mtu aliye mbali, mwenye pesa yangu mkononi, kukataa kuniuzia.

Hilo ndilo ninalolipima kwanza kwenye biashara hizi mpya. Sokoni jicho lako linafanya kazi kubwa bila wewe kujua. Unabonyeza parachichi, unageuza kabichi, unanusa nanasi, unamwambia muuzaji hilo la chini hapana. Ukiagiza kwa simu, jicho hilo unamkabidhi mtu usiyemwona, na kila kitu kinategemea yeye yuko upande wa nani. Kampuni moja niliyoijaribu hapa mjini, nisiyoitaja, ililetea jirani yangu na mimi matembele yaliyokwisha kugeuka rangi, halafu ikatutumia ujumbe wa pole wenye punguzo la oda ijayo. Kijana aliyeyapakia huenda hakuwa na ubaya. Alikuwa na saa inayomkimbiza, orodha ya vikapu, na hakuna mahali kwenye programu ambapo angeweza kubonyeza kusema: leo matembele ni mabaya, msichukue. Wanaoendesha huduma hizi wakiniuliza, nitawaambia waongeze kitufe hicho kabla ya kuongeza picha za mashamba.

Sisemi ni kazi rahisi. Jumia, kampuni ya biashara ya mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na huduma yake ya chakula ikafungwa katika nchi zilizobaki mwishoni mwa 2023. Nairobi, Twiga Foods walianza mwaka 2014 na ndizi, wakizitoa kwa wakulima na kuzipeleka kwa wenye vibanda walioagiza kwa simu, na wamepanda na kushuka milima mingi tangu hapo. Mboga haina faida ya kutosha kulipia pikipiki inayokwenda na kikapu kimoja Mbezi na kurudi tupu. Basi la Mpanda lilikuwa linakwenda Dar hata bila kiroba changu. Hapo ndipo tofauti ilipo, na ndipo ninapokwazwa na kikadi cha mazingira. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini, kwa hiyo mfuko wa karatasi si hisani ya kampuni, ni sheria. Nitaisifu kampuni ile inayokusanya oda za mtaa mmoja na kuzipeleka siku moja, hata ikiniambia nisubiri hadi Alhamisi.

Halafu kuna London. Binti yangu anaishi huko, na nilikaa naye majira ya baridi baada ya mjukuu kuzaliwa. Yeye na mumewe walikuwa wakila mimea tupu na kupokea boksi la mboga kila wiki. Uingereza jambo hili ni la zamani: jumuiya yao ya vegani iliundwa mwaka 1944, vita vikiendelea, na mashamba kama Riverford la Devon yalianza kupeleka maboksi milangoni miaka ya 1990. Riverford hawapokei mboga iliyosafirishwa kwa ndege. Niliposikia hivyo niliwaza maharage machanga ya Kenya, yale membamba, yanayopandishwa ndege Nairobi usiku ili yawe dukani Ulaya kesho yake, na akina mama wanaolipwa kwa kuyachambua. Kila sheria safi ina mtu upande wa pili. Parachichi za Njombe nazo zinakwenda huko huko, ila kwa meli, ndani ya kontena la baridi, na kwa kila kilo hewa chafu yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya ndege.

Mkwe wangu ni mtu wa takwimu. Alinisomea utafiti wa Joseph Poore na Thomas Nemecek uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2018, uliokusanya taarifa za mashamba takriban 38,700 katika nchi 119. Kwa hesabu zake, usafiri ni sehemu ndogo ya uchafuzi wa hewa unaotokana na chakula. Kikubwa ni kile unachokula na ardhi iliyofyekwa ili kukipata, na nyama ya ng'ombe inaongoza kwa mbali. Nilimwambia ardhi iliyofyekwa naijua bila jarida.

Boksi moja lilikuja na kijikaratasi. Kilisema kampuni imefidia hewa ukaa yake kwa kuchangia ulinzi wa misitu ya kitropiki. Misitu gani, hakikutaja. Niliketi jikoni nikikisoma huku mvua ya London ikinyesha, kwa sababu Mwese ni mojawapo ya vijiji vya Wilaya ya Tanganyika vilivyoingia katika biashara hiyo. Vijiji vile, kwa kushirikiana na Carbon Tanzania, vinatunza msitu wa milima ya Ntakata, wenye sokwe, na kuuza hewa ukaa ambayo msitu unaizuia isipae. Fedha zinaingia kijijini. Nimeona madarasa na zahanati zilizojengwa nazo. Msitu ule ulikuwa unaliwa na mashamba mapya na makundi ya mifugo yaliyohamia kutoka mikoa iliyokwisha kukosa malisho. Kwa hiyo ng'ombe, ambaye mama jirani aliomba radhi kwa kumkosa, sasa ni mjadala kwenye mkutano wa kijiji: wangapi, wapite wapi, wasipite wapi.

Sikujua kama kijikaratasi kile kilihusu msitu wetu, na huenda hakikuhusu. Lakini kiliniudhi kwa namna ambayo binti yangu hakuielewa mara moja. Msitu wa Mwese unaweza kufika London ukiwa sentensi kwenye karatasi, na anayeusoma akatulia na karoti zake. Maharage ya Mwese hayafiki hata Masaki, Dar es Salaam.

Nilipokwenda Mwese mara ya mwisho, wakati wa mavuno, nilikaa kwa binamu yangu anayelima maharage ya njano. Ardhi ni nzuri, baridi inasaidia, na maharage yale yanaiva upesi jikoni, jambo ambalo anayenunua mkaa anajua thamani yake. Mnunuzi alikuja na pikipiki, magunia yake mwenyewe na noti mfukoni. Aliyajaza magunia hadi mdomoni, kisha akayaongezea kilemba juu na kukishona kwa kamba: lumbesa. Imekatazwa kwa sheria ya vipimo na viongozi wameikemea kwenye kila jukwaa, nayo ipo. Mkulima analipwa gunia, mnunuzi anaondoka na gunia na ziada. Mpanda maharage yale yanauzwa kwa sado. Dar ya aina hiyo yanauzwa kwa kilo, na kwenye programu ya mpwa wangu yanauzwa kwa gramu 500, yakiwa na maelezo ya namna yalivyolimwa kwa upendo.

Nikampigia mpwa wangu pale pale. Naye, kwa kuwa ni kijana wa vitendo, aliongea na duka linalomletea vikapu, na wiki hiyo hiyo kijana wa manunuzi akampigia binamu. Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda nikisikiliza. Kijana alikuwa na adabu. Alitaka maharage ya rangi moja, yasiyochanganywa, yaliyokauka vizuri, kilo 50 kwa mfuko, yapimwe kwa mizani. Binamu alifurahi kusikia mizani. Alisema hata leo. Kijana akauliza kama yametiwa dawa ya ghalani. Binamu akasema anatumia majivu na mifuko ile inayobana hewa. Kijana akafurahi kupita kiasi, nikahisi tayari anaandika maelezo ya pakiti.

Yakabaki ya njia na ya malipo. Kutoka Mwese hadi Mpanda masika yakianza ni habari nyingine, na duka halikuwa na gari. Binamu akasema atatafuta lori la kurudi tupu, wagawane nauli. Wakakubaliana. Ndipo akauliza analipwa lini.

Duka hulipa wasambazaji wake baada ya siku 30, kijana akasema, tangu mzigo upokelewe.

Binamu aliniangalia, kisha akarudi kwenye simu. "Huyu wa lumbesa ananiibia, hilo nalijua na yeye analijua. Lakini ananilipa kabla hajawasha pikipiki. Januari shule inafunguliwa, mbolea inataka pesa. Ninyi mnaopenda mazingira, hamuwezi kunilipa hata nusu mzigo ukipanda lori?"

Kijana akasema ni swali zuri, atawauliza watu wa uhasibu. Magunia manne yako ghalani yakisubiri jibu lao, na mwenye pikipiki ameshapita kuuliza kama yanauzwa.